Mbarara: Boma la kuzuia wavuka mpaka lililogeuka jiji lao

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

MTU anayefika Mbarara kutoka Nakivale akiwa na magunia ya mahindi au maharage huwa na haraka ya mambo matatu: bei ya siku, chakula na gari la kumsogeza mbele. Ni wachache wanaoinua macho kusoma vibao vya barabara. Mimi nilivisoma. Kuna barabara ya Stanley, barabara ya McAllister, barabara ya Galt na mtaa wa Mbaguta. Watatu wa kwanza walikuwa Wazungu; wa nne alikuwa waziri mkuu wa ufalme wa Ankole. Katika pitapita zangu sijaona kibao cha mchukuzi wa ngozi, cha kibarua wa Ruanda aliyepita hapa kwa miguu, wala cha mkimbizi aliyelima chakula kinacholiwa mjini.

Hilo ndilo lililonifanya nifuatilie asili ya mji huu. Wafanyabiashara wa mipakani na watu wanaorejea makwao wamezoea kuambiwa kwamba wao ni wapita njia tu, na kwamba mji una wenyewe. Nimeona kwamba historia inasema jambo jingine. Mbarara ilianzishwa, kwa sehemu kubwa, ili kuwazuia watu waliokuwa wakivuka mpaka. Kisha ikakua, ikabomolewa na kujengwa upya kwa jasho la watu wa aina hiyo hiyo.

Kabla ya boma

Zamani hapakuwa na mji wa kudumu mahali hapa. Ufalme wa Nkore, ambao Waingereza baadaye waliuita Ankole, ulikuwa na makao makuu yanayohama. Mfalme, yaani Omugabe, alipohama, watu wake na ng'ombe wake walihama naye. Nyumba zilijengwa kwa miti na nyasi, na kuhama hakukuwa hasara kubwa. Jina lenyewe la Mbarara linasemekana kutokana na nyasi ziitwazo emburara, zilizokuwa zimejaa katika vilima hivi. Wageni hawakuweza kulitamka sawasawa, likabaki Mbarara mpaka leo.

Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita katika nchi hiyo akitoka kumchukua Emin Pasha. Omugabe Ntare wa Tano hakukutana naye ana kwa ana. Alimtuma jamaa yake, Buchunku, akachanjiana naye udugu wa damu. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard naye alipita, na mara hii pia Ntare alimtuma mtu wa ukoo wake, Birere. Mfalme huyo alikuwa mwangalifu. Alitaka urafiki wa wageni hao bila ya kuwaingiza nyumbani.

Hata hivyo, mambo makubwa yalikuwa yamekwisha kuamuliwa mbali. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari wa latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mwaka huo huo Wajerumani waliweka kituo Bukoba. Mstari huo haukujali malisho wala koo. Haukujali ndugu waliokuwa na mashamba Karagwe na wakwe Isingiro. Ndio mpaka ule ule ambao mchuuzi wa leo anauvuka pale Mutukula, akionyesha karatasi zake upande huu na upande ule.

Juu ya hayo, miaka ya 1890 ilikuwa ya balaa. Sotoka iliwaua ng'ombe, ndui ikawaua watu. Mwaka 1895 Ntare alifariki, na ugomvi wa urithi ukafuata hadi kijana Kahaya akakalishwa kwenye kiti. Ufalme uliokuwa na nguvu ya mikuki na ng'ombe ukawa dhaifu wakati ule ule ambapo Mwingereza alikuwa anatafuta mlango.

Boma la mwaka 1898

Mlango huo ulifunguliwa na watu waliovuka mpaka. Mwaka 1897 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Wajerumani walimpeleka Mwanza, lakini akatoroka na kurudi kupigana Buddu, eneo la Masaka ya leo. Aliposhindwa tena mwanzoni mwa 1898 alipenya kwenda kaskazini kujiunga na Kabalega wa Bunyoro. Wafuasi wake, wakiongozwa na Gabriel Kintu, waliendelea kupigana katika maeneo ya Buddu na Nkore, wakiwa na nafasi ya kuvuka mstari kila walipobanwa. Mwaka huo huo wa 1897 askari wa Kisudani wa serikali nao walikuwa wameasi. Serikali ya himaya ilikuwa na hofu, na ilitaka jicho karibu na mpaka wa Wajerumani.

Ndipo mwaka 1898 ofisa aliyeitwa Macallister alipotumwa Nkore, akaweka kituo mahali hapa, karibu na mto Rwizi. Kilikuwa kituo cha bendera, askari na bohari. Ukisikia leo mtu wa Mbarara anasema anakwenda Boma, anataja kituo hicho. Neno lenyewe ni Kiswahili, na lilifika pamoja na askari na wapagazi waliokisema. Kwa hiyo lugha yetu haikuletwa Mbarara na lori la Wakongo juzi. Ilikuwako siku ile bendera ilipopandishwa.

Mwaka 1901 ulitiwa saini Mkataba wa Ankole. Kahaya alitambuliwa kuwa Omugabe wa nchi iliyopanuliwa, kwa kuunganishwa na maeneo ya jirani kama Igara na Buhweju yaliyokuwa na watawala wao. Nchi iligawanywa katika masaza, machifu wakapewa mashamba kwa maandishi, na raia wa kawaida wakapewa kodi ya kibanda. Aliyefaidi zaidi mabadiliko haya alikuwa Nuwa Mbaguta, waziri mkuu, au Enganzi kwa lugha ya huku. Alielewa mapema kuliko wengine kwamba nguvu imehama kutoka kwenye mkuki na kuingia kwenye karatasi. Alishika cheo hicho hadi miaka ya 1930, akafariki mwaka 1944, mwaka ule ule aliofariki mfalme wake.

Vilima vinne na bonde moja

Ukitaka kuuelewa mji wa kikoloni, usianze na majumba. Anza na umbali kati ya jumba na jumba. Mbarara ilipangwa kwa vilima. Palikuwa na Boma, makao ya serikali. Jirani yake, kilima cha Kamukuzi kilibeba ikulu ya Omugabe, ambaye sasa hakuruhusiwa tena kuhamahama kama babu zake: alitakiwa akae mahali ambapo mkuu wa wilaya angeweza kumwita. Ruharo walikaa Waprotestanti wa Kianglikana, waliombatiza Kahaya mwaka 1902. Ng'ambo ya mto Rwizi, Nyamitanga, walikaa Wakatoliki wa Mapadri Weupe.

Chini ya vilima hivyo palikuwa na madukani. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka yaliyouza nguo, chumvi, sukari na majembe, wakanunua ngozi na samli. Mwafrika aliruhusiwa kuja mjini kuuza, kununua, kulipa kodi, kushitakiwa au kutumika. Kulala mjini kulikuwa jambo jingine. Miji ya himaya ilitengwa hivyo: Mzungu juu ya kilima penye upepo, Mhindi katikati penye biashara, Mwafrika nje ya mpaka wa mji katika nyumba ambayo ingeweza kuamriwa ivunjwe.

Mpangilio huo haukupokelewa kwa shangwe na kila mtu. Mwezi Mei 1905 Harry Galt, ofisa mkuu wa serikali katika jimbo la magharibi, alichomwa mkuki akiwa amepumzika Ibanda, njiani kuja Mbarara. Lundo la mawe lililojengwa kwa kumbukumbu yake liko Ibanda hadi sasa. Serikali iliufuta kwa muda Mkataba wa Ankole na haikuurejesha hadi mwaka 1912. Kwa hiyo ile barabara ya Galt inayopita mjini kwa utulivu imebeba kisa cha mauaji na adhabu iliyowaangukia watu wengi kwa tendo la mmoja.

Elimu nayo ilifuata vilima. Shule ya Mbarara High ilianzishwa mwaka 1911 na misheni ya Kianglikana. Shule ya Ntare ilifunguliwa mwaka 1956, chini ya mwalimu Mskoti, William Crichton. Katika madawati ya Ntare walikaa Yoweri Museveni na, baadaye, Paul Kagame, aliyeletwa Uganda akiwa mtoto mkimbizi. Shule moja ya mji mmoja wa boma imetoa marais wa nchi mbili zinazopakana, na mmoja wao aliingia humo akiwa hana nchi ya kurudi.

Njia ya miguu

Reli haikujenga Mbarara. Ile ya magharibi, iliyofika Kasese mwaka 1956, ilipita kaskazini na kuuacha mji huu pembeni. Mbarara ilijengwa na barabara, na kabla ya barabara ilijengwa na miguu.

Kuanzia miaka ya 1920, maelfu ya watu walitoka Ruanda na Urundi kila mwaka kwenda kutafuta kazi Buganda, kwenye mashamba ya pamba na kahawa. Walikuwa wanakimbia kazi za lazima, viboko na kodi za utawala wa Wabelgiji, na njaa kali kama ile ya 1928-29 na ile ya 1943-44. Walivuka mto Kagera karibu na vilima vya Mirama, wakapita Ankole, wakaendelea Masaka. Wengi walikwenda kwa miguu, wamebeba mkeka na chakula kidogo, na serikali ikaweka kambi za kupumzikia njiani. Wengine walikatiza safari na kubaki katika machimbo ya bati ya Mwirasandu na Kikagati, au kuchunga ng'ombe wa wenyeji.

Mfanyabiashara wa leo atauelewa mji huo bila kuelezwa. Mahali watu wanapopumzika ndipo mama lishe anapoinjika chungu. Mahali chungu kinapochemka ndipo mwenye sigara na sabuni anapotandika. Mbarara ilikua kwa kuwa njia tano zilikutana hapo: ya Masaka na Kampala, ya Kabale na Ruanda, ya Bushenyi na Kongo, ya Ibanda na Toro, na ya Kikagati na Tanganyika. Boma liliketi juu kulinda njia hizo na kukusanya ushuru. Biashara iliketi chini na kuzitumia.

Nakivale, ardhi iliyoitwa tupu

Nakivale ilizaliwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na mkono uliochora boma ulionekana tena. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, na baada ya machafuko ya Ruanda ya mwaka 1959 yakapokea Watutsi waliokuwa wakikimbia. Mwaka 1960 yalitambuliwa rasmi. Yako karibu na ziwa Nakivale, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Kisheria, ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa tupu. Kwa mfugaji aliyeipitisha mifugo yake wakati wa kiangazi haikuwa tupu hata kidogo. Ugomvi wa ardhi kati ya wenyeji na wakimbizi unaosikika mara kwa mara una mizizi yake katika neno hilo moja.

Waliohesabiwa kuwa wa muda walikaa. Watoto wakazaliwa, wakaoa, wakazika wazee wao. Mwaka 1982 wanamgambo na viongozi wa chama tawala cha wakati ule waliwafukuza Wanyarwanda katika vijiji vya Ankole, pamoja na wengine waliokuwa raia wa Uganda. Makumi ya maelfu walikimbilia mpakani na katika makazi kama Nakivale. Ng'ombe waliporwa, nyumba zikachomwa. Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda, wengine wakiwa hawajawahi kuiona. Nafasi zao zilichukuliwa na Wanyarwanda wapya, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mwezi Julai 2010 baadhi ya Wanyarwanda walirudishwa kwa nguvu ndani ya malori, tukio ambalo wengi Nakivale hawajalisahau.

Leo ukitembea Base Camp, Juru au Rubondo unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Mogadishu kikipatana bei katika banda moja. Mkongo anauza kitenge, Msomali ana duka la jumla, Mrundi anapima maharage. Jioni magunia yanapakiwa kwenda Mbarara. Huo ndio uchumi wa boma ukiwa umegeuzwa: zamani mji ulitoza kijiji, sasa makazi ya wakimbizi yanaulisha mji.

Mji uliovunjwa

Wako wanaofikiri majengo ya Mbarara ni machache ya kale kwa sababu wenyeji hawakujali. Sababu ni vita. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke katika siku 90, na maduka yaliyokuwa uti wa mgongo wa mji yakabaki mikononi mwa watu wasiojua daftari. Mwezi Septemba mwaka huo huo wapinzani wa Amin waliokuwa Tanzania waliishambulia kambi ya jeshi ya Simba hapa Mbarara, wakashindwa. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, wakaua, wakapora, wakachoma. Tanzania ilijibu. Tarehe 24 Februari 1979 ilitekwa Masaka, na siku iliyofuata Mbarara. Kwa kulipiza yaliyotendwa Kagera, majengo mengi ya miji hiyo miwili yalilipuliwa.

Mji uliokusudiwa kuulinda mpaka ukavunjwa kwa sababu ya mpaka. Aliyeujenga tena hakuwa mkuu wa wilaya wala kampuni ya kigeni. Ni watu waliorudi na fedha kidogo, waliouza ndizi, maziwa na ng'ombe, waliofuata magendo ya miaka ya 1980 na baadaye biashara halali. Mwaka 1989 ulianzishwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 69,363. Ile ya mwaka 2014, baada ya mipaka ya mji kupanuliwa, ilihesabu 195,013. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilitangazwa kuwa jiji.

Karatasi ya nani?

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza historia hii inamfaa nini mtu ambaye kesho anapanda lori kurudi kwao, au mama ambaye mzigo wake umekwama forodhani. Inamfaa kwa jambo moja. Tangu mwaka 1901, katika mji huu, aliyekuwa na maandishi alibaki na kiwanja, na asiyekuwa nayo alibaki na sifa ya kuwa mpita njia, hata kama ndiye aliyejenga.

Hali haijabadilika sana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi na kutembea, na hilo ni jema. Nchi nyingi zinawafungia wakimbizi ndani ya uzio. Lakini kiwanja cha Nakivale ni cha kutumia, si cha kumiliki. Anayerudi kwao anaiacha nyumba, visima na migomba, na ardhi inabaki chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo. Asiye raia anaweza kupata ardhi Uganda kwa mkataba wa kupangisha, ambao kisheria hauzidi miaka 99, si kwa umilikaji wa kudumu. Anayemuuzia mwenzake kiwanja cha makazi kwa mapatano ya mdomo anauza kitu ambacho si chake, na anayenunua ananunua kesi.

Kwa hiyo, wewe unayerudi, tunza kila karatasi uliyopewa: kadi ya familia, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha shule, stakabadhi. Wale waliofukuzwa mwaka 1982 walijifunza kwa uchungu kwamba raia asiye na ushahidi anaweza kuitwa mgeni ndani ya saa moja. Wewe mfanyabiashara wa mpakani, usitegemee urafiki wa ofisa mmoja. Mpaka wa Katuna ulifungwa mwezi Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022, na mji wa Bunagana ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022. Mwenye njia moja tu alikula mtaji wake. Mbarara ina njia tano. Ndiyo sababu ilikuwako, na ndiyo sababu ingaliko.

Kwa wakuu wa jiji nina ombi dogo. Halihitaji fedha nyingi wala wafadhili. Barabara mpya zinafunguliwa kila mwaka pembezoni mwa jiji, na zinahitaji majina. Macallister ana yake, Galt ana yake, Mbaguta ana yake. Moja ipewe wale vibarua waliotoka Ruanda kwa miguu, na nyingine ipewe Nakivale.